Maisha ya Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Wako watu waliopata sifa katika nchi yetu kwa sababu ya vita, wako waliopata kwa sababu ya elimu, na wako waliopata kwa sababu ya utawala. Siti binti Saad hakupigana vita, hakusoma shule, wala hakutawala mtu. Alikuwa na sauti. Kwa sauti hiyo jina lake lilivuka bahari mpaka Bara Hindi, likarudi na kuenea bara yote, na sasa, zaidi ya miaka 70 tangu alipofariki, bado linatajwa kwa heshima. Nimeona vema kuwaeleza wasomaji wetu habari za maisha yake, maana wengi wetu tumelisikia jina lake lakini hatuyajui mambo yake.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja. Baba yake aliitwa Saad, na asili yake ilikuwa Unyamwezi. Asili ya mama yake ilikuwa Uzigua. Wazazi hao wote wawili walizaliwa Unguja, lakini koo zao zilitoka bara. Hapa sisi wa Dodoma yafaa tutulie kidogo. Njia kubwa ya Wanyamwezi kwenda pwani ilipita katika nchi hii ya Ugogo. Misafara ilipumzika hapa, ikanunua maji na nafaka, ikatoa hongo kwa watemi, kisha ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kufika Mpwapwa, na kutoka huko ikateremka mpaka Bagamoyo. Walikuwamo wapagazi wa hiari waliobeba pembe za ndovu, na walikuwamo watu waliofungwa minyororo. Wanyamwezi wengi walioishia visiwani walipita katika njia hiyo. Basi habari za mwimbaji huyu wa Unguja haziko mbali nasi kama tunavyodhani tukiitazama ramani.

Alipozaliwa alipewa jina la Mtumwa. Jina hilo lilikuwa alama ya hali ya wazazi wake na ya zama zile. Ni kweli kwamba soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka 1873, katika enzi ya Sultani Barghash. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa wenyewe. Amri ya kuwapa watumwa wa Unguja na Pemba haki ya kudai uhuru wao ilitoka mwaka 1897. Wakati huo Mtumwa binti Saad alikuwa na umri wa miaka 17 hivi, ambao ndio umri wa wengi wetu wa Kidato cha Nne. Sisi katika umri huu shughuli yetu kubwa ni mtihani. Yeye katika umri huu aliishi katika nchi ambamo binadamu alikuwa bado anahesabiwa pamoja na mali ya mwenziwe.

Hakupelekwa shule. Kazi aliyofundishwa ni kazi ya mama yake, nayo ni ufinyanzi. Kila mtu aliyekaa karibu na mfinyanzi ajua taabu ya kazi hiyo: kuchimba udongo, kuukanda, kuufinyanga kwa mkono, kuanika vyungu kivulini, kuvichoma, na kuvitazama vingine vikipasuka katika moto baada ya jasho lote. Vilivyosalimika vilihitaji mnunuzi, na mnunuzi alikuwa mjini. Kwa hiyo msichana huyu alijitwisha vyungu kichwani, akafunga safari kwa miguu kutoka Fumba, akapita akivitembeza katika mitaa. Ili watu wajue kuwa muuza vyungu amefika, aliimba. Watu waliokuwa ndani ya nyumba zao walimsikia kutoka mbali kabla ya kumwona. Wengine walitoka kununua chungu, na wengine walitoka kusikiliza tu.

Mwaka 1911 aliacha Fumba akahamia mjini kutafuta maisha mema zaidi. Alikuwa amekwisha pita umri wa miaka 30, si mtoto tena, na wengi wangesema kuwa wakati wake wa kujifunza jambo jipya umekwisha. Mji wa Unguja wakati huo ulikuwa kama miji miwili. Mmoja ulikuwa Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, makao ya Sultani, matajiri na mabalozi wa nchi za kigeni. Wa pili ulikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari, wenye nyumba za udongo na makuti. Huko walikaa wachukuzi, mafundi, wavuvi, wageni kutoka bara, na watu wengi waliotoka utumwani. Siti alikuwa mtu wa Ng'ambo.

Ili tufahamu jambo alilolifanya hapana budi tuseme kidogo juu ya taarabu. Muziki huu uliletwa Unguja kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 mpaka 1888. Sultani huyo alipenda muziki wa Kimisri, akamtuma Mohammed bin Ibrahim kwenda huko kujifunza kupiga kanuni. Taarabu ya kwanza ilikuwa starehe ya jumba la kifalme. Iliimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji na wapigaji wake walikuwa wanaume. Mwaka 1905 kilianzishwa mjini chama cha muziki kiitwacho Ikhwan Safaa, nacho kilifuata desturi hiyo. Mtu wa Ng'ambo aliyepita nje ya nyumba ya taarabu aliweza kufurahia mlio wa udi na fidla, lakini maneno mengi yalimpita.

Mjini Siti alikutana na mtu aliyeitwa Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwan Safaa. Mtu huyu alisikia katika sauti ya muuza vyungu kitu kilichostahili kufundishwa. Akamfundisha namna ya kuimba kwa kufuata ala, na akamfundisha nyimbo za Kiarabu. Watu husema kuwa Siti alikuwa na kipaji, na kweli alikuwa nacho; lakini kipaji peke yake kingebaki njiani pamoja na vyungu. Alijifunza kwa bidii kama mwanafunzi aanzaye darasa la kwanza, huku umri ukiwa umekwenda na watu wakimcheka. Baadaye alijiunga na wapigaji hodari wa ala, miongoni mwao Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban. Kundi hilo ndilo lililosimama pamoja naye kwa miaka mingi.

Sifa yake ilipozidi, jina la Mtumwa likaachwa akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Jina hilo jipya liliwafurahisha wengi, bali liliwachukiza wengine. Hawakuweza kuvumilia kuona mwanamke aliyetoka shamba na vyungu kichwani sasa amekaa katika majumba makubwa akisikilizwa na wakubwa. Wakatunga wimbo wa kumdharau. Wakamkumbusha utoto wake wa umaskini, na wakautia kasoro uso wake, kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa mzuri wa sura. Siti hakugombana nao njiani. Naye alijibu kwa wimbo, akawaonyesha kuwa uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si kipimo cha mtu, na kwamba mtu hupimwa kwa akili yake na mwendo wake. Wimbo wa watesi wake wakumbukwa leo kwa sababu tu ulimpata mtu wa kuujibu vizuri.

Siti aliimba mbele ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyeshika ufalme mwaka ule ule wa 1911, na aliitwa katika arusi na karamu za watu wenye mali. Hata hivyo hakuhama moyo. Nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa baraza ya watu wote. Usiku watu walikusanyika huko, wakasikiliza taarabu bila kuulizwa ukoo wala mavazi yao. Huko ndiko nyimbo zake nyingi zilikotungwa, wakati yeye na wenzake wakizungumza habari za mchana ule: nani kadhulumiwa, hakimu kahukumu nini, ndoa ya nani imevunjika, na tajiri gani amedanganya. Nyimbo hizo ziliimbwa kwa Kiswahili. Jambo hili ndilo kubwa kuliko yote katika maisha yake. Alitwaa muziki uliokuwa wa jumba la mfalme, akautia lugha ya mtu wa sokoni, nao haukuharibika bali ulizidi kupendeza.

Mfano mmoja mashuhuri ni wimbo uitwao Kijiti. Wimbo huo wahusu tukio la kweli. Mtu mmoja aliyeitwa Kijiti alimwua mwanamke mgeni aliyefika Unguja kutoka Dar es Salaam, kisha akatoroka akavuka bahari kwenda bara. Shauri lilipofika mahakamani muuaji hakuwapo, na wanawake waliokuwa mashahidi ndio waliopata adhabu. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kuandika malalamiko yao, wala hawakuwa na mjumbe katika baraza la serikali. Lakini walikuwa na Siti. Alilitia shauri hilo katika wimbo pamoja na jina la muuaji, na wimbo ukapita mitaani ambako hati za mahakama hazipiti. Hati zilifungwa katika makabati. Jina la Kijiti limebaki mpaka leo kuwa jina la mtu aliyetenda uovu akakimbia, na habari za wale mashahidi hazikupotea.

Sasa tufike katika habari ya santuri. Wasomaji wa siku hizi wamezoea kusikiliza muziki katika simu, na huenda hawajapata kuona santuri ya kukoroga kwa mkono. Sahani zake zilikuwa nyeusi, nzito na dhaifu kama vyungu, maana zilitengenezwa kwa unga wa mawe uliochanganywa na lakiri, ambayo ni utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi. Sahani ilizunguka kiasi cha mara 78 kwa dakika moja. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua muziki wa dakika tatu hivi, kisha ilibidi kuigeuza. Sindano ya chuma ilipita katika mfereji mwembamba wa sahani na kutoa sauti, nayo ilibidi kubadilishwa mara kwa mara isije ikaukwaruza mfereji huo.

Chombo hiki kilifanya watu wa visiwa vya mbali wajulikane duniani. Tutazame Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki. Huko alizaliwa mwaka 1874 Joseph Kekuku, ambaye angali mwanafunzi wa shule alivumbua namna mpya ya kupiga gitaa. Alililaza juu ya mapaja, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na gitaa likatoa sauti ndefu kama ya mtu anayelia. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco mwaka 1915, sahani za nyimbo za Hawaii ziliuzwa mno katika Marekani, kisha zikafika Ulaya na hata Bara Hindi. Watu wasioweza kuonyesha Hawaii katika ramani waliujua mlio wa gitaa lake. Wenye kampuni wakatambua kuwa kila taifa lina masikio, na kuwa kila mtu hununua kwa furaha sahani inayosema naye kwa lugha yake.

Katika Unguja wakati huo sahani zilizouzwa zilikuwa hasa za Kiarabu na za Kihindi. Kampuni moja ya Kiingereza, ambayo alama yake ilikuwa mbwa anayesikiliza santuri, ilitaka kuuza vyombo vyake kwa Waswahili. Kwa hiyo mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli wakavuka bahari mpaka Bombay, mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai. Huko waliingia katika chumba cha kunasia sauti na kuimba mbele ya chombo kisichoshangilia wala kutunza. Fikirini taabu yake. Mwimbaji aliyezoea kuimba usiku kucha, akiurefusha wimbo kwa kadiri watu walivyopenda, sasa alipaswa kuukata upate kuingia katika dakika tatu. Aliweza. Kundi lake likawa miongoni mwa makundi ya kwanza kabisa ya Afrika Mashariki kuimba katika sahani kwa lugha ya Kiswahili, na Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa sehemu zetu aliyefanya hivyo.

Sahani zile zilipoletwa, zilinunuliwa kwa wingi kuliko ilivyotazamiwa. Zilisikika Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, Dar es Salaam na Tanga, na zikapita mpaka miji ya bara. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Ilichukua nguo, chumvi, vyombo vya chuma na bidhaa nyingine za pwani. Mtu mmoja mwenye santuri aliwatosha watu wa mtaa mzima, maana waliketi kuizunguka kama waketivyo kuzunguka moto. Msikilizaji wa bara hakujua Kiarabu hata neno moja, lakini Kiswahili alikifahamu, au alikuwa akijifunza. Siku hizo haikuwako redio ya Kiswahili katika Tanganyika. Hivyo sahani za Siti zilisaidia kuizoeza lugha hii katika masikio ya watu wa makabila mbalimbali, miaka mingi kabla haijawa lugha ya taifa. Kampuni nyingine, iitwayo Columbia, nayo ilimfuata ili kunasa sauti yake.

Kila jambo lina majira yake. Mwaka 1929 biashara ya dunia ilianza kuanguka, fedha zikawa haba, na watu wakapunguza kununua vitu vya starehe. Mwaka 1931 kampuni ile ya alama ya mbwa na kampuni ya Columbia ziliungana kuwa moja. Wakati wa sahani nyingi za taarabu ya zamani ukapita. Siti aliendelea kuimba na kufundisha waliomfuata. Miongoni mwa waliojifunza nyimbo zake alikuwa Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, ambaye naye aliimba mpaka uzeeni na kufariki mwaka 2013.

Siku za mwisho wa maisha yake Siti alikutana na Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Kiswahili. Mshairi huyo alimsikiliza akisimulia mambo yake, kisha akaandika kitabu cha wasifu wake, ambacho kimesomwa na wanafunzi wengi katika shule za nchi yetu. Hivyo mwanamke ambaye hakupata kusoma amekuwa somo darasani. Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Baada ya miaka mingi chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilitoa gazeti na kuliita Sauti ya Siti, kwa ukumbusho wa mwanamke aliyesema habari za wanyonge kabla wanawake hawajapata gazeti lao.

Wanafunzi wenzangu, tunajifunza nini katika maisha haya? Wengi watasema kuwa tunajifunza bidii, na hiyo ni kweli. Lakini mimi naona liko jambo la pili. Katika zama za Siti walikuwako waimbaji wengine hodari katika kila sehemu ya nchi hii. Sauti zao zimekwenda nao kaburini. Ya kwake imebaki kwa sababu ilitiwa katika sahani, na kwa sababu mwandishi alikwenda kuketi naye angali hai. Huku kwetu Ugogo wanawake wapiga ngoma ya muheme, na wazee wapiga zeze na ilimba. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo Ulaya na sehemu nyingine za dunia, na sahani zake zipo. Lakini yeye ni mmoja, na wapigaji ni wengi. Wapo mabibi vijijini mwetu wanaojua nyimbo za mavuno, za kubembeleza watoto na za kuomba mvua, na nyimbo hizo hazimo katika kitabu wala katika chombo chochote.

Shule itakapofungwa tutarudi makwetu, wengine Kondoa, wengine Mpwapwa, wengine Manyoni na Kongwa. Simu ambazo haziruhusiwi hapa bwenini zipo nyumbani, nazo zina uwezo wa kunasa sauti muda mrefu kuliko sahani ya dakika tatu. Mwenye bibi aketi naye, amwombe aimbe, anase sauti yake, kisha aandike jina la wimbo, jina la mwimbaji, kijiji na tarehe. Kazi hiyo haihitaji meli ya kwenda Bombay. Yahitaji jioni moja tu, nayo yapasa ifanywe wakati bibi angalipo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Siti binti Saad.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne